Nyumba Inayolala Mchana

Mtoto wa mwoka mikate alizaliwa akilia kama watoto wengine, asije mtu akamsingizia kwamba aliletwa duniani bila sauti. Alilia mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, na mama yake, badala ya kuomba radhi, akagonga naye. Ndivyo alivyokuwa mama huyo: mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kujibu, na akirudi sokoni uchochoro mzima ulijua karudi. Aliugua muda mfupi, akalazwa, akafa, na mtoto hata kufunga viatu alikuwa hajui. Baada ya mazishi mwoka mikate aliomba zamu ya usiku, kwa sababu usiku ndio uliokuwa ukimshinda, na tangu hapo nyumba yao ikawa inalala mchana.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Jioni alikuja dada yake, muuza mitumba, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni likapoa, akalala na mtoto. Asubuhi kaka mtu alirudi, wakapishana mlangoni, mmoja ananukia hamira na mwingine anapiga miayo. Mwoka mikate alinawa, akamkatia mtoto mkate, akamtilia chai, akavuta pazia na kulala. Mtoto akabaki humo humo chumbani mpaka baba aamke.

Na alijua kubaki. Alijifunza kuufungua mlango kwa kuunyanyua kidogo ili bawaba zisilie. Kikombe alikiweka juu ya kitambaa. Alikuwa na vifungo vya nguo alivyopewa na shangazi yake, akavipanga sakafuni kwa rangi huku midomo ikienda bila sauti. Akitaka kitu alisogea mpaka sikioni na kunong'ona, naye baba akajibu kwa kunong'ona, mtu na mwanawe kama wezi waliogawana nyumba ya wenyewe. Shangazi alimbandika jina la Paka, na jina likakaa. Majirani walimsifu: mtoto gani huyu, hata hujui kama yumo ndani. Baba akajibu, "Ana adabu," na kwa kweli katika miaka ile hakuwa na jambo jingine la kujivunia.

Watu walisema mwoka mikate amepoa, amekwisha yakubali. Watu hupenda kusema hivyo ili waendelee na shughuli zao. Yule hakuwa amepoa, alikuwa amekufa ganzi, na hayo mawili si ndugu. Siku moja alishika trei ya moto kwa mkono mtupu akaja kujua kwa harufu. Aliitazama ngozi yake, akaitia maji, akarudi kwenye donge la unga kama mtu aliyeambiwa habari za mkono wa jirani.

Basi ikafika Jumatatu ya shule. Sare aliinunua shangazi, na kwa hesabu zake za mitumba aliinunua kubwa.

"Dada, hii si ni ya mtu mzima?" mwoka mikate aliuliza.

"Atakua. Na asipokua, itarudi sokoni."

Baba alimpeleka mwenyewe, akiwa ametoka zamu moja kwa moja, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Langoni palikuwa na kilio cha kutosha. Watoto waliwang'ang'ania mama zao, na mama nao, ukiwatazama vizuri, walikuwa wamewang'ang'ania watoto. Paka hakulia. Alimvuta baba yake ainame, akamnong'oneza sikioni:

"Sasa nani atakaa na wewe ukilala?"

"Nitalala mwenyewe."

Mtoto alilipima jibu hilo, na ilionekana wazi halikumridhisha, lakini kengele ililia akaingia. Mwoka mikate alisimama pale akingoja kuhisi kitu. Alingoja kama mtu anayengoja chafya, mdomo wazi kidogo, kisha ikapotea, akaenda zake.

Nyumbani alivuta pazia, akajinyoosha, na usingizi haukuja. Alidhani ni uchovu umepita kiasi. Jumanne vilevile. Alilala chali akisikia mambo ambayo hakujua kama yapo duniani: fundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo ya pili, mtu anayepiga gumzo na mtu wa ghorofani, ndoo, pikipiki, na redio moja iliyokuwa ikitangaza kila kitu kwa kila mtu. Alivumilia mpaka saa sita, akaamka na kwenda kugonga mlango wa fundi redio.

"Punguza kidogo, ndugu yangu. Natoka zamu ya usiku."

"Najua unatoka usiku. Siku zote najua." Fundi alipunguza redio huku akicheka. "Kumbe mlinzi wako hayupo? Nilikuwa najiuliza, mbona tangu jana sikemewi."

"Mlinzi gani?"

"Binti yako, bwana. Nikifungua redio tu, huyo mlangoni. Hasemi. Anasimama hapo ananikazia macho mpaka nizime. Hata wa kuchomelea pale anamwogopa. Nilimwambia, mama, nami nina wateja. Wapi. Ananitazama tu."

Mwoka mikate alishukuru, akarudi kitandani. Alijua anatakiwa kulifikiria jambo lile, na alikusudia kulifikiria, lakini kichwa chake kilikuwa kizito. Alikodolea dari macho mpaka saa ya kwenda kumchukua mtoto.

Usiku ule alisahau chumvi. Si kosa la mwoka mikate mkongwe, hilo ni kosa la mtu wa wiki ya kwanza, tena huyo naye huchekwa. Na unga wenyewe ulimwambia, maana donge lisilo na chumvi huumuka haraka, hupanda kama lina safari. Aliliona likipanda, akafurahi kwamba kazi itaisha mapema. Alfajiri msimamizi aliumega mkate mmoja, akautafuna, akampa kipande.

"Onja."

Alionja. Alitafuna, akameza.

"Unaonaje?"

"Mkate," alisema mwoka mikate.

Wenzake walicheka mpaka wakashika meza, wakidhani ametania. Msimamizi hakucheka. Mikate ya usiku mzima ilikwenda kwa mfuga kuku, na msimamizi akamwambia aende nyumbani alale. Ushauri mzuri, ila aliyeshauriwa hakuwa na pa kuupeleka.

Jumatano hiyo, alipokwenda kumchukua mtoto, mwalimu alimsimamisha langoni. Alikuwa mwalimu kijana, chaki mpaka kwenye mikono ya blauzi, na sauti iliyokwisha kukauka ilhali wiki ilikuwa nusu tu.

"Baba, samahani. Mtoto wako ana tatizo la kusema tangu lini?"

"Hana tatizo la kusema."

"Kwangu hajasema neno. Nikiita majina, wenzake wanaitika, yeye anafungua mdomo hakitoki kitu. Nimemuuliza kwa upole, nimemwimbia, nimempa hata chaki yangu."

"Labda anakuogopa, mwalimu."

"Siku ya kwanza wananiogopa wote. Siku ya tatu wananipanda mgongoni." Alikohoa kidogo. "Sikiliza, baba. Sikuletei ubaya. Darasa limejaa mpaka madirishani, na mwalimu mkuu amesema mtoto asiyeweza kujibu arudishwe nyumbani, apelekwe kwa daktari, aje mwakani. Ijumaa atapita mwenyewe darasani. Akimwita na asipojibu, mimi sitakuwa na la kusema."

"Lakini anaongea. Nyumbani anaongea vizuri tu. Juzi aliniuliza swali refu hapa hapa."

"Kwa sauti?"

Mwoka mikate alifungua mdomo aseme ndiyo. Alirudi nyuma kichwani mwake, jana, juzi, wiki iliyopita, mwezi uliopita, sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto. Kila mahali alikuta mnong'ono. Alijua mtoto wake anapenda ganda la mkate kuliko nyama yake, alijua anaogopa mende na haogopi giza, lakini sauti yake hakuikumbuka. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye aliona tu kwamba ameshika nondo ya lango kwa mikono miwili, wala hakumbuki aliishika saa ngapi.

Nyumbani hakuvuta pazia. Alimketisha mtoto mbele yake.

"Ukiitwa shuleni unasema, mimi hapa. Haya, sema."

"Mimi hapa," alinong'ona Paka.

"Kwa sauti."

Mtoto alikigeukia kitanda, akamgeukia baba. "Unalala saa ngapi?"

"Leo silali. Sema kwa sauti."

"Utachoka, baba," alimnong'oneza, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtu mzima. Alimtolea viatu vyake mlangoni akaviweka chini ya kitanda, kama kila siku.

Shangazi alipofika jioni alisimuliwa. Aliweka mzigo wake wa nguo chini, akakaa juu yake.

"Nimekwambia mara ngapi? Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nalala na mtoto huyu kila siku, anaongea hivyo hivyo na mimi. Nikimwambia paza sauti, ananiambia baba amelala. Namwambia baba yuko kazini. Ananiambia, akirudi atalala."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulisema ana adabu." Alianza kuvua viatu, akaacha. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wa huyu naona mshindo umepotelea njiani. Mimi dada yako, acha niseme. Wewe ulifiwa na mke, na huyu alifiwa na mama, siku moja, saa moja. Lakini kati yenu aliyebembelezwa ni wewe. Na aliyekubembeleza ni huyo hapo."

Mtoto alikuwa sakafuni na vifungo vyake. Mwoka mikate alichukua kofia ya kazi, akatoka. Usiku huo chumvi alitia. Alilionja donge mara mbili, na mara zote mbili ilibidi amuulize mwenzake.

Alhamisi mchana, baada ya shule, shangazi alikuja na mbinu. Alimchukua Paka sokoni, akamsimamisha juu ya rundo la mashati, akamwambia aite wateja, maana kama kuna mahali pa kufundishia mtu kupiga kelele, ni pale. Walirudi jioni, mtoto akiwa na miguu ya vumbi na shangazi akiwa na uso usioeleweka.

"Ameita?" aliuliza kaka mtu.

"Ameita. Anamwangalia mtu, ananong'ona, karibu. Mtu anainama kusikia. Akishainama anaona shati. Nimeuza mpaka yale yaliyokosa mikono." Alikaa. "Ila hilo silo tulilokwenda kutafuta."

Mwoka mikate alijua kwamba hapo alitakiwa kucheka. Mkewe angecheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili agonge ukuta. Alisema, "Kesho nitakwenda kukaa naye darasani," akafunga kamba za viatu. Alijua pia kwamba wakimrudisha mtoto, watakaa tena wawili nyuma ya pazia mwaka mzima, yeye kitandani na mwanawe sakafuni, na kwamba mwaka huo ukiisha huenda hata mnong'ono usiwepo. Alilijua hilo kama anavyojua joto la tanuri, kwa kusoma kipimo, na hakuna kilichomuuma.

Ijumaa alikwenda na nguo za kazi. Tangu Jumatatu alikuwa hajapata usingizi wa maana, na njiani alikuwa akiona barabara ikisogea pembeni. Mwalimu alimpa nafasi nyuma, kwenye benchi la watoto karibu na kabati, magoti yakamfika kidevuni. Watoto walimgeukia kwa furaha ya kuona mtu mzima aliyekunjwa namna ile.

"Huyu mzee ametoka kwenye unga," alisema mmoja.

"Ni baba yake yule asiyesema," mwingine akamjibu.

Paka alikuwa benchi la mbele yake kabisa. Aligeuka mara moja, akamwona, akageukia ubaoni. Mwoka mikate alitazama kisogo cha mwanawe, nywele zilizosukwa na shangazi zikiwa zimeanza kufumuka upande mmoja, na kola ya sare iliyoachana na shingo. Aliwaza kwamba mwalimu mkuu akiingia atasimama aseme neno. Alitafuta neno lenyewe. Mwalimu alitazama saa, akawaambia watoto watulie, anakwenda kumwita mwalimu mkuu, na mlango ulipofungwa tu darasa lilipasuka. Watoto walipanda mabenchi, wakagombea chaki, mmoja akapiga dawati kama ngoma na wengine wakaitikia.

Katikati ya vurumai ile mwoka mikate alilala.

Ukimuuliza leo atakwambia hajui ilikuwaje. Siku zote zile, na pazia limevutwa na redio imepunguzwa, usingizi ulimkataa. Hapa, kwenye benchi la mtoto na kelele za kutoboa masikio, ukamchukua kama mtu aliyesukumwa. Lakini mwili una akili zake. Kabla yeye hajajua, mwili ulikwisha kujua kwamba mtoto yumo chumbani. Kichwa kiliegemea kabati, mdomo ukafunguka.

Kilichomwamsha ni sauti. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, nzito kwa mtoto, imepanda juu ikavunjika katikati kama sauti ya mtu asiyejua nguvu zake. Hakuitambua. Aliwaza, usingizini bado, huyu mtoto wa nani anayepiga kelele hivi.

"Nyamazeni! Baba yangu amelala!"

Alifungua macho. Darasa lilikuwa limeganda. Aliyekuwa akipiga dawati alibaki na mikono hewani. Juu ya benchi la mbele alisimama Paka, amempa mgongo baba yake, mishipa ya shingo imetoka, mikono imekunjwa ngumi ndani ya mikono mirefu ya sare.

"Anafanya kazi usiku," aliendelea, na kila neno lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. "Hajalala tangu Jumatatu. Mkimwamsha nawapiga wote."

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu, na nyuma yake mwalimu mkuu, mtu mnene mwenye miwani, kalamu mkononi.

"Ndiye huyu bubu?" aliuliza mwalimu mkuu, sauti ya chini.

"Ndiye."

Mwalimu mkuu alimtazama mtoto, akatazama darasa zima lililofunga midomo, jambo ambalo huenda hakuwahi kulipata yeye mwenyewe. "Huyo mwache hapo hapo," alisema, akaitia kalamu mfukoni.

Mwoka mikate aliyasikia hayo yote. Alijua amepata alichokifuata, mtoto anabaki shule, na angeweza kusimama akashukuru. Hakuweza. Hajalala tangu Jumatatu. Nani aliyemwambia? Hakumwambia mtu. Mtoto alikuwa darasani, na huko darasani, katikati ya herufi na nyimbo, kazi yake aliyokuwa akiifanya wiki nzima ilikuwa ni kumhesabia baba yake usingizi. Miaka yote ile alidhani yeye ndiye anayelea.

Kila aliyewahi kukalia mguu wake anajua kwamba ganzi yenyewe haiumi, kinachouma ni kutoka kwake. Ilianzia kifuani, ikampanda kooni, ikamchoma mpaka kwenye meno. Aliuma midomo ili isitoke sauti, kwa mazoea, na akagundua kwamba hawezi.

Paka aligeuka. Alimwona baba yake macho wazi, mashavu yamelowa, na ile ngumi ikalegea. Alishuka kwenye benchi taratibu, asiangushe kitu, akasogea mpaka sikioni kwake.

"Samahani, baba," alinong'ona. "Nimekuamsha."

"Sikusikii," alidanganya mwoka mikate, kwa sauti ambayo hata waliokuwa dirishani waliisikia.

Mtoto aliangalia wenzake, akamwangalia mwalimu.

"Nimesema samahani," alisema, juu kidogo.

"Bado sikusikii, mwanangu."

Paka alivuta pumzi mpaka sare ile kubwa ikamjaa. "Nimesema samahani nimekuamsha!"

Wenzake wakacheka, kelele zikarudi zote kwa pamoja, na yule wa ngoma akaanza upya. Mwoka mikate alifunika uso kwa mikono yake yenye unga, akalia kwa sauti mbele ya darasa la kwanza, na safari hii mtoto wake hakumwambia mtu yeyote anyamaze.